Kurudi darasani ukubwani: bei iliyobandikwa na bei utakayolipa

Ukutani mwa vituo vya masomo ya jioni, Mbagala kama ilivyo Nyakato, matangazo hayapishani sana: QT mwaka mmoja, kidato cha nne miaka miwili, wanaorisiti karibuni, walimu wazoefu, kisha namba ya simu. Bei ama imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko kitu kingine chochote, ama haipo kabisa. Anayesimama mbele ya tangazo hilo si kijana wa sare. Ni dereva wa bodaboda, ni mama mwenye genge la mboga, ni mlinzi wa zamu ya usiku, ni mhudumu wa zahanati aliyeambiwa kwamba bila vyeti hasogei. Ana darasa la saba, au ana kidato cha nne chenye sifuri, na ana akiba ndogo ambayo ikienda sipo hairudi.

Tuanze na bei isiyo na mjadala. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, limekuwa likitoza watahiniwa wa kujitegemea Sh 30,000 kwa mtihani wa Maarifa, ule ambao kila mtu anauita QT, na Sh 50,000 kwa mtihani wa kidato cha nne. Ukichelewa dirisha la kwanza la usajili, unalipa Sh 40,000 na Sh 65,000. QT ni ya mtu aliyeishia darasa la saba, au aliyeingia sekondari akatoka kabla ya kufaulu mtihani wa kidato cha pili. Akiifaulu ndipo anaruhusiwa kujisajili kidato cha nne. Aliyewahi kufaulu kidato cha pili shuleni hana haja nayo, kwa hiyo ukiwa na matokeo hayo, hata kama ni ya zamani na karatasi imechakaa, yatafute kabla hujafungua pochi. Mwaka mzima wa masomo ya QT ambao hukuuhitaji ni hasara kubwa kuliko Sh 30,000.

Na jambo moja ambalo wauzaji wa kozi hawalisemi kwa sauti: QT peke yake haikupi cheti cha kuombea kazi wala chuo. Ni geti tu. Ukilipia QT ukakata tamaa hapo, umelipia geti.

Njia nzima basi, QT mwaka wa kwanza na kidato cha nne mwaka wa pili, ni Sh 80,000 za mitihani kwa anayewahi. Ukiambiwa hivyo unaona kurudi shule ni rahisi, na kweli kwa upande wa Serikali ni rahisi. Tatizo ni kwamba ada ya mtihani ndiyo sehemu ndogo kuliko zote.

Chukua mtu anayekaa daladala moja kutoka kituoni. Tuseme nauli ni Sh 600 kwenda na 600 kurudi, madarasa ni siku 4 kwa wiki, na masomo yanachukua wiki 40 kwa mwaka. Hiyo ni Sh 192,000 kwa mwaka, Sh 384,000 kwa miaka miwili. Nauli peke yake inakaribia mara tano ya ada zote za NECTA. Akiwa anapanda daladala mbili, zidisha mara mbili. Ndiyo maana kituo cha bei nafuu kilicho mbali ni ghali kuliko kituo cha bei ya juu kidogo unachokifikia kwa mguu, na sijawahi kuona tangazo la kituo likimkumbusha mteja hesabu hiyo.

Halafu kuna muda. Kwa dereva wa bodaboda, saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku ndiyo saa za abiria. Ndizo saa hizo hizo za darasa. Akipoteza Sh 5,000 kila jioni ya darasa, kwa wiki hizo 40, anaacha Sh 800,000 barabarani kila mwaka. Mtu huyu hafai kushauriwa kama mtumishi anayetoka ofisini saa tisa na nusu. Kwake darasa la Jumamosi na Jumapili asubuhi, au kusoma nyumbani kwa moduli na kuonana na mwalimu mara chache, ndiyo nafuu ya kweli hata kama ada yake imeandikwa kubwa zaidi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, ina njia hiyo ya masafa kwa sekondari, na imeandaa moduli zake kwa ajili ya mtu asiyeweza kukaa darasani kila siku.

Darasa la jioni lenyewe, kwa asiyelijua, huwa hivi. Shule ya msingi ya mtaani, watoto wameshaondoka, ubao bado una hesabu za darasa la nne. Madawati ni ya watoto, magoti ya watu wazima hayaingii, kwa hiyo wanakaa upande upande. Mlinzi amekuja na sare yake kabisa kwa sababu akitoka hapo anaingia lindoni. Mama mmoja amempakata mtoto, na daftari ameliegemeza mgongoni mwa dawati la mbele. Mwalimu wa hisabati ana dakika 80 na mada iliyopaswa kufundishwa kwa wiki mbili. Umeme ukikatika, simu zinawashwa tochi. Hao ndio wanafunzi wanaojua hasa thamani ya kila kipindi, maana wamekilipia, na ndio pia wanaokosa vipindi vingi zaidi, maana mtoto akiugua hakuna wa kumwachia.

Kwa hiyo ukienda kuulizia kituo, usiulize ada tu. Uliza nani anafundisha hisabati na Kiingereza, na kama anafundisha yeye au anatuma mtu. Uliza kama ada ni ya mwezi, ya muhula au ya somo, na kama mwezi wa Ramadhani au wa kufunga shule unalipiwa. Uliza kama usajili wa NECTA umo ndani ya ada au ni juu yako. Na uliza mtihani utafanyikia wapi, kwa sababu vituo vingi vya masomo si vituo vya mtihani: unasomea kwao, unafanyia mtihani kwenye shule ya sekondari yenye namba ya kituo inayoanza na herufi P. Matokeo ya kila kituo cha P yako wazi kwenye tovuti ya Baraza, bure, mwaka baada ya mwaka. Yafungue kabla hujalipa. Yatazame lakini kwa akili: kwenye kituo kimoja cha mtihani huchanganyika waliosoma jioni mwaka mzima, waliojisomea chumbani, na waliojisajili wasitokee. Kituo chenye sifuri nyingi si lazima kiwe kibovu. Kituo kinachodai wanafunzi wake wote hufaulu huku namba zikisema vingine, hicho kiepuke.

Vitabu visikutishe. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada vinasomwa bila malipo; utalipia bando tu. NECTA nayo huweka fomati za mitihani na ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikieleza swali gani liliwashinda wengi na kwa nini. Kwa mtu mzima asiye na muda, ripoti hizo zina faida kuliko kitini cha Sh 10,000 kinachouzwa mlangoni, ambacho mara nyingi ni nakala ya nakala. Hicho usinunue.

Kabla ya kuchagua kituo, hata hivyo, kuna swali ambalo lingetakiwa kutangulia yote haya: unataka cheti kikufungulie mlango gani? Watu wazima wengi huanza na kituo kilicho karibu, wakaja kuuliza mlango baadaye, na hapo ndipo fedha inapotea kwa wingi.

Mrudie yule mhudumu wa zahanati. Anataka kwenda chuo cha uuguzi au utabibu. Vyuo vya afya vinataka ufaulu wa masomo manne, na katika hayo lazima kuwe na Kemia, Biolojia na Fizikia. D inatosha kwa sifa ya chini, na D ya kidato cha nne inaanzia alama 30. Si mlima. Lakini vituo vingi vya jioni vinafundisha masomo ya sanaa, Kiswahili, Historia, Jiografia, kwa sababu hayahitaji maabara wala mwalimu wa kutafutwa kwa tochi. Akisoma hapo miaka miwili, akapata hata daraja la tatu, atakuwa na cheti kizuri kisichomfikisha chuo cha afya. Atarudi kuanza upya na masomo matatu ya sayansi. Kwake kituo chenye maabara, au chenye makubaliano na shule yenye maabara, kina thamani ya nauli ya mbali. Hapa mimi ningelipa zaidi bila kusita.

Mwenye genge, kwa upande mwingine, labda hataki chuo cha afya. Anataka kusoma uhasibu ngazi ya cheti, au kuwa na karatasi ya kuombea kazi. Programu nyingi za ngazi ya cheti zinaanzia na ufaulu wa masomo manne, ukiondoa ya dini. Kwake kituo cha sanaa cha mtaani kinatosha kabisa, na kumwambia atafute shule ya gharama ni kumpotezea. Anayetaka kidato cha tano ndiye mwenye kazi ngumu zaidi: anahitaji C tatu au zaidi katika masomo yanayoendana, na C inaanzia alama 45. Kwa mtu wa miaka 40, ningemshauri apite cheti na stashahada badala ya kidato cha tano na sita. Ni njia ndefu kwa miaka, lakini kila hatua ina karatasi inayotumika.

Wapo ambao kidato cha nne kwao hakiepukiki. Tangu tarehe 20 Mei 2004 sifa ya chini ya kuajiriwa serikalini ni kidato cha nne, na mwaka 2017 na 2018 watumishi wa darasa la saba waliona agizo hilo si la kwenye makaratasi tu, wengine wakaondolewa kazini kabla Serikali haijatoa ufafanuzi na kuwarudisha walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo. Kama unawazia ajira ya umma, hata ya udereva, usitafute njia ya mkato.

Fundi ana hesabu nyingine, na hapa nina msimamo. Fundi magari wa gereji ya chini ya mwembe, fundi seremala, mwashi, fundi umeme, mpishi wa hoteli aliyejifunzia jikoni: kama umefanya kazi miaka na kazi yako inaonekana, usianze na QT. Anza na VETA, kwenye urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unajaza maombi, unaonyesha ushahidi wa kazi zako, unapimwa kwa vitendo na maswali, unajazwa pale penye pengo kwa mafunzo mafupi, kisha unapewa cheti kinachokutambua. Ilianza kwa majaribio karibu mwaka 2010, na Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia programu ya kukuza ujuzi imekuwa ikigharamia makundi ya mafundi kwa awamu. Maana yake ni kwamba fundi anayesubiri awamu anaweza asilipe, na fundi asiyeulizia hatajua awamu imefunguliwa. Uliza chuo cha VETA cha mkoa wako, na uliza tena baada ya miezi michache.

Cheti hicho hakikufanyi kuwa na kidato cha nne. Lakini kinakufungulia tenda ndogo, kampuni ya ujenzi inayotaka vyeti vya mafundi wake, na safari ya kazi nje ya nchi. Ukipima shilingi kwa shilingi na mwezi kwa mwezi, kwa fundi wa miaka 35 hakuna kinachoshindana nacho.

Anayetaka kujifunza ufundi tangu mwanzo ataona bei za VETA zinashangaza kwa udogo: kozi ndefu kwenye vyuo vyake zimekuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na Sh 120,000 kwa wa bweni. Juu yake kuna sare, vifaa na michango, na hivyo ndivyo vinavyoamua. Pata orodha nzima ya mahitaji kwa maandishi, usitegemee ada. Kozi fupi, za jioni na za wiki chache, zina bei zake kwa kila chuo, na kwa mtu mwenye familia mara nyingi ndizo zinazobebeka.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vinasahaulika, navyo ni 54 nchi nzima, vingi viko mbali na miji mikubwa. Vilianza mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, na kwa muda mrefu vilikuwa chini ya wizara ya maendeleo ya jamii kabla ya kuhamia wizara ya elimu. Kwa mama mwenye mtoto mchanga hivi ni vya kutazama kwanza. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, vyuo hivi vimekuwa vikipokea wasichana na wanawake walioacha sekondari, wakaendelea na masomo pamoja na ufundi, huku watoto wao wakilelewa kwenye vituo vya kulelea ndani ya chuo. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye fedha ndani yake. Mama asiyelipa dada wa kazi amekwepa gharama kubwa kuliko ada.

Wasichana walioacha shule wana mlango mwingine. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, kurudi katika shule za mfumo rasmi, wakipewa muda wa miaka miwili kufanya hivyo. Shule ya Serikali haina ada, tangu 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne na tangu 2022 kwa cha tano na sita. Msichana aliye ndani ya muda huo asikimbilie kulipa kituo cha jioni kabla hajagonga shule aliyoiacha. Aliyepitwa na muda, au asiyetaka kurudi na kutazamwa, TEWW imekuwa na vituo vya sekondari kwa njia mbadala chini ya mradi wa kuimarisha sekondari, ambapo wasichana husoma bila kulipa ada. Miradi ina mwisho wake, kwa hiyo uliza hali ilivyo mwaka huu kabla ya kupanga.

Na asiyejua kusoma kabisa, au anayesoma kwa kukwamakwama? Huyo asiuziwe kozi yoyote. Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, MUKEJA, upo kwa ajili yake, na mlango wake ni afisa elimu ya watu wazima wa halmashauri au wa kata. Watu bado wanaliita darasa la ngumbaru, na wengi wanaona aibu kuonekana wakiingia. Shida kubwa zaidi ni kulipata. Kuna kata ambazo darasa lipo kwenye ripoti tu.

Haikuwa hivyo daima, na msomaji aliyezidi miaka 60 atakumbuka. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza, wakachimba vyoo na kuchemsha maji. Mwaka huo huo Waziri Mkuu Rashidi Kawawa akaagiza sehemu za kazi ziwe na madarasa ya wafanyakazi. TEWW, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Makerere, ikapewa sheria yake mwaka 1975. Wasiojua kusoma, waliokuwa kama theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, wakashuka chini ya asilimia 10 ifikapo 1986. Gharama ilibebwa na vijiji, viwanda na wilaya. Mwanafunzi alileta mwili wake na daftari.

Uchumi ulipoyumba miaka ya themanini na lugha ikawa ya kuchangia gharama, elimu ya watu wazima ndiyo iliyokatwa mapema, maana mtoto asiyesoma huonekana mtaani na mtu mzima asiyesoma haonekani. Tangu hapo sera zimeendelea kuitaja kwa heshima. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, lililozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, limefanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari. Ni uamuzi mzuri kwa mtoto anayeanza shule. Kwa mtu mzima wa darasa la saba umeinua sakafu huku yeye amesimama pale pale: kiwango ambacho nchi sasa inakiita cha chini kwa kila mtu, yeye atakinunua mwenyewe, jioni, kwa nauli yake.

Fedha za umma zinafuata umri. Miongozo ya karibuni ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu inataka mwombaji asizidi miaka 35 na asiwe na kipato cha ajira rasmi. Naelewa kwa nini; mfuko hautoshi hata kwa vijana. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu aliyefanya kazi miaka 15, akalipa kodi miaka yote hiyo, akifika chuo kikuu akiwa na miaka 38, anajilipia kila shilingi. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni ya biashara za vikundi, si ya ada. Kinachobaki ni kikoba, kijumbe, au mwajiri. Mwajiri usimwogope: mwenye wafanyakazi 10 na zaidi tayari analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023. Tozo hiyo haimlazimu akulipie wewe ada, lakini inakupa pa kuanzia mazungumzo, na ruhusa ya kutoka saa moja mapema inaweza kuwa na thamani kuliko fedha taslimu. Mkopo wa kausha damu kwa ajili ya ada, hapana. Masomo huleta faida baada ya miaka, na kausha damu hurudi baada ya wiki.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilitungiwa sheria mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, na bado ndicho chenye akili zaidi kwa mfuko wa mtu mzima. Kina vituo mikoani, kwa hiyo hukodi chumba mji mwingine. Unajipangia mwendo, na malipo yanafuata masomo unayosajili: mwaka wenye ada ya mtoto na msiba unapunguza mzigo, mwaka mwepesi unaongeza. Uhuru huo ndio pia mtego, maana asiye na nidhamu atakuta miaka mitano imepita na nusu ya shahada mkononi. Ada ya jumla ya chuo cha kawaida inaweza isitofautiane sana na ya Huria ukizitazama kwenye karatasi. Tofauti iko kwenye kazi yako: huku unaacha kazi, kule huachi. Programu yake ya msingi ya mwaka mmoja inawafaa wenye kidato cha sita au stashahada ambazo hazikufikia sifa za shahada. Mwenye kidato cha nne pekee asiambiwe na mtu kwamba programu hiyo inamruhusu kuruka moja kwa moja. Aanze na cheti.

Aliyeko Zanzibar asitafute haya yote Bara. Elimu si jambo la Muungano, ingawa elimu ya juu na mitihani ya NECTA ni ya pamoja, na kule kuna idara yake ya elimu mbadala na watu wazima pamoja na kituo cha Rahaleo mjini Unguja kinachochukua walioacha shule.

Baada ya kuamua, mambo ni ya kalenda. Kwa kawaida usajili wa QT na kidato cha nne kwa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwezi Januari na kufungwa mwisho wa Februari, Machi ni ya wenye faini, na mtihani ni Novemba. Nenda kituo cha mtihani ukiwa na cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la saba na matokeo yoyote ya zamani, upewe namba rejea ya kuanzia usajili mtandaoni, ulipe kwa namba ya malipo kupitia benki au simu, ujaze fomu na picha, uchapishe nakala mbili na moja ubaki nayo. Kila jina liwe kama lilivyo kwenye vyeti vya nyuma. Kama darasa la saba ulikuwa Asha Juma na kitambulisho cha taifa kinasema Asha Juma Salum, shughulikia kiapo cha majina mwezi Desemba, kwa sababu jina utakalojisajilia ndilo litakalochapwa kwenye cheti, na wakili wa Februari ni ghali kuliko wa Desemba. Anayejaziwa fomu na mtu wa stesheneri asome kila herufi kwenye skrini kabla kitufe hakijabonyezwa. Ukikosa Machi, fedha yako weka kwenye kikoba hadi Januari ijayo, na miezi hiyo anza hisabati.